Sukari imepanda? Usikimbilie brokoli, mboga zako ziko hapa hapa Lanham

Leo naomba tuongelee mboga. Wengi wetu tumeshaambiwa na daktari kwamba sukari inapanda, tukapewa karatasi ya vyakula, na karatasi ile imeishia kubandikwa kwenye mlango wa friji huku sahani ikibaki ile ile.

Shida inaanzia kwenye neno lenyewe. Sisi tukiuliza "leo mboga nini?" jibu linaweza kuwa nyama, dagaa, maharage au mchicha. Mboga kwetu ni chochote kinachoteremsha ugali. Kwa hiyo daktari akikuuliza kama unakula mboga kila siku unajibu ndiyo, tena kwa moyo mweupe, naye anaandika kwenye kompyuta kwamba hapa hakuna tatizo. Kumbe wewe ulikuwa unamaanisha mchuzi wa nyama! Hili linawapata zaidi wazee wetu waliokuja kulea wajukuu, ambao wanatafsiriwa na watoto wao. Ukifika pale taja jina la majani uliyokula na kiasi chake, usiishie kusema mboga.

Halafu ile karatasi. Imejaa brokoli, asparagasi na saladi. Vyote vizuri, sina ugomvi navyo. Lakini mtu aliyebeba boksi usiku kucha, akarudi saa moja asubuhi akiwa hoi, hatakaa atafune asparagasi. Atajilazimisha wiki mbili kisha atarudi kwenye wali wake. Msimamo wangu ni huu: mboga inayofaa kwa sukari ni ile utakayoweza kuila mwaka mzima, na mboga za kwetu si za daraja la pili hata kidogo.

Angalieni hesabu. Kikombe cha sukuma wiki iliyopikwa kina wanga kama gramu 11, na kati ya hizo gramu 7 hivi ni nyuzinyuzi, ambazo wataalamu wa lishe kule Bongo wanaziita makapimlo. Kikombe cha wali mweupe kina wanga gramu 45 hivi na nyuzinyuzi hazifiki hata gramu moja. Nyuzinyuzi zinapunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu, na zikifika utumbo mpana zinakuwa chakula cha bakteria wazuri wanaoishi humo. Ndiyo maana sukari na tumbo vinakwenda pamoja.

Tena elimu hii imetoka kwetu. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda tangu miaka ya 1940 na kwa muda mrefu akawa Mulago, ni mmoja wa waliouambia ulimwengu kwamba watu wa vijijini Afrika waliokula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi hawakuwa na magonjwa ya utumbo yaliyowasumbua Wazungu. Na mwaka 2025 ulitoka utafiti uliofanyika Kilimanjaro kwa wanaume vijana 77. Waliozoea vyakula vya asili wakabadilishiwa kwa wiki mbili tu na kupewa vya kizungu, dalili za uvimbe ndani ya mwili zikapanda. Waliotoka kwenye vya kizungu wakarudi kwenye vya asili, zikashuka. Wiki mbili! Sasa wewe una miaka kumi na tano hapa Maryland unakula vya dirishani kila siku. (Kundi jingine lilipewa mbege kwa wiki moja na matokeo yalikuwa mazuri, lakini Wachaga wenye kisukari wasichukue hiyo kama ruhusa. Pombe ni pombe.)

Mboga zenyewe zipo, ila zimebadilishiwa majina. Sukuma wiki iko kila duka, imeandikwa collard greens. Mchicha ulizia kwa Wajamaika, wao wanauita callaloo. Matembele yako kwenye maduka ya Waasia, na Waliberia wanayajua vizuri sana kama potato leaves. Mlenda uko kwa Waarabu umegandishwa, wanauita molokhia. Nyanya chungu ni garden eggs za Waghana na Wanigeria. Ukienda Langley Park na Hyattsville ukazunguka maduka mawili matatu ya Kiafrika na Kilatino utapata karibu vyote. Na mwenye kauwanja nyuma ya nyumba apande mchicha baada ya katikati ya Mei, joto la Maryland unalipenda kuliko sisi.

Kuhusu kisamvu kilichogandishwa: kichemshe muda mrefu bila mfuniko, kina sumu inayohitaji moto. Punguza magadi kama una presha, na tui la nazi liwe la kuonja tu.

Sasa mpangilio wa sahani. Chama cha Kisukari cha Marekani kinasema nusu ya sahani iwe mboga zisizo na wanga, robo nyama, samaki au maharage, na robo iliyobaki ndiyo ugali au wali. Mahindi, viazi, njegere, mihogo na ndizi za kupika vinahesabiwa kwenye robo ya ugali, hata kama duka limevipanga kwenye kona ya mboga. Najua robo ya ugali inauma. Anza kwa kuongeza majani kabla ya kupunguza ugali, utaona nafasi inapungua yenyewe.

Ongeza taratibu lakini. Ukitoka sifuri ukaruka kwenye bakuli mbili za sukuma kwa siku tumbo litajaa gesi, utasema mboga hazikupendi. Kunywa maji. Na kama umeanzishiwa metformin karibuni, tumbo kuvuruga mara nyingi ni dawa, siyo mchicha. Meza pamoja na chakula, ikizidi mwambie daktari, ipo aina inayoyeyuka polepole. Usiiache kimya kimya ukahamia kwenye maji ya bamia ya YouTube.

Kuna pia kitabu kilichovuma mwaka 2017, The Plant Paradox cha Dkt. Steven Gundry, kinachowatisha watu kuhusu maharage, nyanya na biringanya kwa sababu ya protini zinazoitwa lektini. Bibi zetu walishamaliza kesi hiyo: loweka maharage usiku, mwaga maji, chemsha yatokote. Tahadhari ya kweli ni kwa wanaoweka maharage mekundu mabichi kwenye sufuria ya umeme ya moto mdogo halafu wanakwenda kazini. Moto ule hautoshi. Yachemshe kwanza jikoni dakika 30.

Wawili wasifuate ushauri wangu kabla ya kumuona daktari: mwenye figo dhaifu, kwa sababu ya potasiamu, na anayemeza warfarin, kwa sababu vitamini K ya majani inapingana na dawa hiyo. Huyu wa pili anaweza kula, ila kiasi kisibadilike badilike.

Utajuaje kama inafanya kazi? Pima kwa kile kimashine saa mbili tangu uanze kula. Kwa wengi lengo ni chini ya 180. Usitegemee A1C peke yake. Utafiti wa NIH pale Bethesda kwa Waafrika waliohamia eneo hili la Washington umeonyesha kipimo hicho kinawaruka wengi wetu, na mwenye chembe ya selimundu kinaweza kumpa namba ya chini kuliko hali halisi. Muulize daktari wako kama unahitaji kipimo kingine, na ukienda, beba namba zako za wiki mbili zimeandikwa pamoja na ulichokula.