Sufuria Moja Yatosha: Mwanachuo na Udhuru wa Vyombo

Hapana shaka kwamba wengi wetu tunaosomea Kiswahili tunaweza kueleza, tena kwa ufasaha, tofauti baina ya kuchemsha, kutokosa, kukaanga, kuunga na kusonga. Maneno haya tumeyakuta kamusini na riwayani. Hata hivyo, mwulize mmoja wetu, hasa wa kiume, ni lini mara ya mwisho alipoushika mwiko, nawe utajibiwa kwa kicheko. Kicheko hicho ndicho kilichonisukuma kuishika kalamu, kwani mimi mwenyewe nimekicheka kwa miaka mingi na gharama yake naijua.

Gharama yenyewe ni hii. Mkopo wa elimu ukiingia, mwanachuo aliyepanga chumba nje ya lango hula chipsi na soseji kibandani kila usiku. Kufikia katikati ya muhula, anashindia chai ya rangi na mandazi mawili huku akisinzia mhadharani. Bei ya sahani mbili za chipsi hukaribia ile ya pakiti ya unga ya kilo 2, na pakiti hiyo humpa mtu mmoja chajio cha juma zima. Ukimwuliza kwa nini hapiki, atakwambia hana vyombo. Atapika atakapoajiriwa, akanunua friji, jiko la gesi la vichomeo vinne na masufuria yanayong'aa. Huu ndio udhuru ninaoupinga katika makala haya.

Anayeanza kupika anahitaji sufuria moja yenye kitako kizito, mwiko, kisu, bakuli na jiko. Kifuniko kikikosekana, sahani hufunika. Nilianza na vitu hivyo, na kilichonishinda hakikuwa uchache wa vyombo bali haraka. Ugali wangu wa kwanza ulijaa madonge yenye unga mkavu ndani, kwa sababu niliumimina unga wote kabla ya maji kutokota. Mama mboga aliye karibu na nyumba yetu aliuona, akaniambia: "Mwanangu, huu hukuusonga, umeukoroga tu."

Naam, nikiwa na shahada ya kwanza ya Kiswahili mkononi, nilifunzwa siku hiyo maana ya kitenzi nilichokuwa nikikitumia tangu utotoni. Kukoroga ni kuzungusha mwiko. Kusonga ni kuukandamiza unga ubavuni mwa sufuria, kuugeuza na kuukandamiza tena, hadi mwiko uwe mzito mkononi na harufu ya ubichi itoweke. Maji yachemke kwanza, unga uingie kidogo kidogo, moto upunguzwe, kisha ugali ufunikwe kwa dakika chache. Hakuna chombo cha thamani nikijuacho kinachoifanya kazi hiyo kuliko mkono.

Mwenye sufuria moja hupika mboga kwanza, akaipakua bakulini na kuifunika, ndipo ateleke maji ya ugali. Sukuma wiki ioshwe kabla ya kukatwa. Wali nao hudai kikombe kimoja cha mchele kwa viwili vya maji, na moto ushushwe maji yanapokaribia kukauka. Ndengu huiva bila kulowekwa usiku kucha. Maharagwe, hususan yale mekundu, yalowekwe, maji yamwagwe, kisha yachemshwe kwa moto mkali kwa angalau dakika 10, maana yakiliwa yangali mabichi yana sumu iletayo matapishi. Mwenzangu mmoja aliyetoka Mombasa alidhani ameuziwa maharagwe mabovu hapa Nairobi. Kumbe mji huu uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka yakiwa na nyuzi 94 hivi badala ya 100, hivyo maharagwe hukawia kuiva. Alikuwa tayari amemgombeza mwuzaji!

Kuhusu jiko, sina mzaha. Jiko la makaa lenye udongo ndani, lililoenea nchini tangu miaka ya 1980, hula makaa machache kuliko lile la bati tupu. Lakini makaa yakiwaka hutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na anayelala na jiko chumbani ili aote moto huenda asiamke. Lipikiwe nje. Mafuta taa, yaliyokuwa kimbilio la maskini, yaliongezewa ushuru wa shilingi 18 kwa lita mwaka wa 2018. Wengi sasa hutumia mtungi wa gesi wa kilo 6, nao wafaa uwekwe penye dirisha wazi.

Wanaokaa katika mabweni huficha koili ya stima chini ya kitanda, maana vyuo vingi huipiga marufuku. Hofu ya moto ni ya haki. Hata hivyo, kunyang'anya koili pasipo kumwonyesha mwanafunzi mahali pa kupikia ni kumfukuza arudi kibandani. Chumba kimoja cha upishi katika kila bweni, chenye majiko imara na mlango mpana, kingeondoa hatari na njaa kwa pamoja.

Wapo pia wanaoshikilia kwamba jikoni si mahali pa mwanamume. Ajabu ni kwamba wao hao hununua chapati zilizokandwa na mwanamume mwenzao kibandani, wakazila bila kuona haya.

Chama chetu huandaa mijadala na mashindano ya ushairi. Napendekeza kitenge Jumamosi moja ya muhula ujao, kila mwanachama aje na sufuria yake, na mama mboga yule aalikwe awe mhadhiri wa siku hiyo. Unga nitaununua mimi.