Hapana ya Msichana "Mbaya" Pia ni Hapana

Wasee, leo sikuji na vichekesho. Kuna kitu kimenikaa kwa koo tangu wiki jana na lazima nikitoe.

Mwaka juzi rafiki yangu alinipigia simu saa tisa usiku akilia. Alikuwa ameenda bathdei ya jamaa mmoja tunayemjua wote. Watu walikunywa, wakacheza, wakaanza kutoka mmoja mmoja. Yeye akabaki akingoja teksi. Yule jamaa akamvuta hadi kwa chumba. Akasema hapana. Akasema tena. Mwishowe aliponyoka, akashuka ngazi mbio bila viatu, akanipigia akiwa barabarani.

Sasa mnajua swali langu la kwanza lilikuwa gani? Sikuuliza yuko wapi. Sikuuliza kama ameumia. Nilimwambia, "Lakini wewe nawe, ulibaki pale ukifanya nini?"

Akanyamaza kidogo. Akasema, "Acha tu." Akakata simu.

Hiyo stori nilikuwa nimeizika kabisa. Halafu wiki jana, stima zikiwa zimerudi na sina la kufanya, nikaamua kuangalia muvi ya Kihindi inaitwa Pink. Ni ya 2016, sio mpya. Watu wa muvi za Kihindi mtakuwa mmeiona kitambo. Mimi nilikuwa nimekua na zile za steringi kupiga watu kumi na wawili peke yake halafu anaimba kwa mlima na shati haijakunjika. Nilidhani ni hizo tu. Haikuwa hivyo.

Wacha niwape stori kwa kifupi. Wasichana watatu, Minal, Falak na Andrea, wanaishi pamoja kwa nyumba ya kukodi Delhi. Wana kazi zao, wanalipa kodi yao. Usiku mmoja wanaenda konsati, wanakutana na vijana fulani, mmoja wao wanamjua kutoka zamani. Wanaenda nao kwa hoteli kula na kunywa. Kitu kinatokea huko. Muvi inapoanza, kijana mmoja anaitwa Rajveer anakimbizwa hospitali damu ikitoka kwa uso, na wasichana wako kwa teksi wakirudi nyumbani bila kuongea. Minal amempiga na chupa.

Rajveer ni wa familia kubwa, ana mjomba mwanasiasa. Kwa hivyo kuanzia hapo ni vitisho juu ya vitisho. Mwenye nyumba, mzee wa watu, anaambiwa awafukuze. Picha za Falak zinachezewa zinawekwa kwa mtandao, kazi inaenda. Minal anabebwa kwa gari mchana, anashikwashikwa, anarudishwa. Na alipoenda kuripoti polisi, ripoti inageuka. Yeye ndiye anakamatwa. Mashtaka ni kujaribu kuua, na juu yake wote watatu wanaitwa wauza miili. Wakili anayekubali kuwatetea ni jirani, mzee mgonjwa aliyekuwa ameacha kazi, Amitabh Bachchan mwenyewe.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo muvi ilinishika shati.

Hatuonyeshwi kilichotokea ile usiku. Kesi inaanza, mashahidi wanaongea, wakili wa upande wa mashtaka anapiga kelele, na wewe hujaona chochote. Kile kisa chenyewe kinakuja mwisho kabisa, majina yakishaanza kupanda kwa skrini, hukumu ikiwa imeshatoka. Maana yake ni kwamba kwa masaa mawili wewe uliyekaa kwa kochi na chai yako ndiye jaji. Na nilijishika nikifanya kazi ya jaji vibaya. Mamangu alikuwa amekaa kando yangu akikunja nguo. Akauliza, "Hao wasichana walifuata nini kwa chumba cha wanaume usiku?" Na mimi, huyu wa kuandika mambo ya haki za wasichana kila wiki, nilikuwa nawaza kitu hicho hicho. Nilikuwa nangoja ushahidi kwamba ni wasichana wazuri.

Kotini ndio hiyo inaulizwa siku yote. Minal ana wazazi hapo hapo Delhi, mbona haishi kwao? Kwa nini anarudi nyumbani usiku? Kwa nini alikunywa? Kwa nini alikuwa anacheka na huyo kijana? Andrea anatoka Meghalaya, kaskazini mashariki mwa India, na yeye inabidi aeleze korti kwamba wasichana wa huko wanasumbuliwa kuliko wengine, watu wanawaangalia tu na kuamua ni wa rahisi. Hakuna hata swali moja kati ya hayo linalohusu kama Rajveer alisikia neno hapana au hakulisikia. Ni kama mtu ameibiwa simu kwa matatu halafu polisi wanamuuliza mbona alinunua simu nzuri hivyo.

Wakili mzee naye anajibu kwa njia yake. Anamuuliza Minal mbele ya watu wote kama ni bikira. Nilitaka kuzima. Lakini anachofanya ni kuchukua lile swali ambalo kila mtu ndani ya korti analiuliza kwa roho, analiweka mezani, Minal anajibu ukweli kwamba si bikira, na aliyoyafanya aliyafanya kwa kupenda kwake. Halafu sasa? Je, hiyo inampa Rajveer ruhusa? Baadaye mzee anamgeukia Rajveer anayesema wanawake wa familia yao hawana tabia za pombe, anamwonyesha picha ya dada yake mwenyewe akiwa pati na glasi mkononi. Jamaa anawaka. Na akiwaka anasema kile alichokuwa anaficha, kwamba wasichana kama hao walipata walichostahili. Kesi yake inaanguka pale, kwa mdomo wake mwenyewe.

Ile hotuba ya mwisho ya Bachchan kuhusu neno hapana mnaijua. Imekatwa vipande, imewekwa muziki wa huzuni, imezunguka kila mahali. Ni nzuri. Lakini mimi nasema hiyo sio sehemu ngumu ya hii muvi. Kukubali kwamba hapana ni hapana ni rahisi ukifikiria msichana mpole, mwanafunzi, amevaa sketi ndefu, ametoka kanisani. Nani atakataa?

Sehemu ngumu ni ya Falak.

Falak ndiye aliyetulia kati ya wote watatu. Wakili wa mashtaka anamkazia, anamkazia, kwamba walichukua pesa, walichukua pesa, sema mlichukua pesa. Hadi kitu kinakatika ndani yake. Anapiga kelele, ndiyo, tulichukua. Wenzake wanamwangalia kama amechanganyikiwa, kwa sababu si kweli. Lakini anaendelea. Sema tulichukua. Halafu Minal akabadilisha nia. Akamwambia huyo kijana hapana, na bado akamshika. Hiyo sheria yenu inasema nini hapo?

Wueh. Nilisimamisha muvi. Mama akaacha kukunja nguo.

Kwa sababu Falak ametupa heshima yake kwa dirisha makusudi, ndio atuulize swali ambalo hatutaki. Amesema hivi: sawa, chukua lile jina baya kabisa mnaloweza kumpa mwanamke, nipeni mimi. Je, bado nina haki ya kusema hapana? Ukisema ndiyo, basi maswali yote ya sketi na pombe na saa ngapi usiku yanakufa siku hiyo. Ukisema la, basi wewe hujawahi kuamini kwamba hapana ni hapana. Wewe unaamini hapana ni zawadi ya wasichana wenye tabia nzuri, na wewe ndiye unayeigawa.

Na msiseme hiyo ni muvi tu. India yenyewe imepitia haya kwa damu. Mwaka wa 1972 msichana wa jamii ya Adivasi, jimbo la Maharashtra, alibakwa ndani ya kituo cha polisi. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na polisi wawili wakaachiliwa. Sababu? Hakuwa na alama za majeraha, kwa hivyo hakupigana, kwa hivyo eti alikubali. Walimu wanne wa sheria waliandika barua ya wazi kuipinga ile hukumu, wanawake wakajaa barabarani, na mwaka wa 1983 sheria ikarekebishwa. Miaka ikapita. Desemba 2012 mwanafunzi alishambuliwa na genge ndani ya basi Delhi, akafa baadaye kwa majeraha, nchi nzima ikasimama. Mwaka wa 2013 sheria ikaandikwa wazi kwamba ridhaa ni kukubali kwa hiari, kwa namna isiyo na shaka, na kwamba kutopigana sio kukubali. Miaka mitatu baadaye ndio Pink ikatoka, na Delhi ikiwa ndiyo mahali pa kisa. Watu wa huko walijua kabisa inaongea kuhusu nini.

Kwa hivyo sheria ilikuwa tayari imebadilika. Kilichokuwa hakijabadilika ni watu wa kando ya korti: jirani, bosi, polisi anayeandika ripoti, shangazi, rafiki wa kwa simu saa tisa usiku.

Na sisi hapa tusijifanye malaika. Sheria yetu ya Makosa ya Kingono ya 2006 ilikuja na kifungu cha 38, kilichosema ukimshtaki mtu kwa uongo utapata adhabu sawa na ya lile kosa. Kwa karatasi inasikika sawa. Lakini fikiria wewe ni msichana, huna shahidi, unajua kesi ikikataa kusimama unaweza kugeuziwa kibao kama Minal. Utaripoti? Kifungu hicho kiliondolewa mwaka wa 2012. Miaka miwili baadaye, Novemba 2014, mwanamke alivuliwa nguo hadharani katikati ya Nairobi na wanaume walioamua amevaa vibaya, hadi wanawake wakaandamana kudai nguo zao ni chaguo lao. Kifungu unaweza kukifuta kwa kalamu. Ile roho ya kifungu inabaki kwa stendi ya matatu na kwa grupu za WhatsApp.

Sasa, mimi pia nina maneno na hii muvi. Wasichana watatu, kisa ni chao, uchungu ni wao, lakini sauti inayosikika zaidi ni ya mwanaume mzee maarufu. Ilibidi Bachchan aseme ndio tusikie. Na ilipotengenezwa upya kwa Kitamil mwaka wa 2019 na Ajith Kumar, halafu kwa Kitelugu mwaka wa 2021 na Pawan Kalyan, wakili akapewa na ngumi kabisa. Mzee mgonjwa wa kutembea polepole akageuka steringi wa kuangusha watu. Kila wakitengeneza upya, mwanaume anakua mkubwa na wasichana wanapungua. Hiyo peke yake ni somo.

Wavulana wanaonifuata, najua wengine mnasema, "Lakini kuna wanaosingiziwa." Sikatai, uongo upo, na korti ndio kazi yake kuutafuta. Lakini tafuteni uongo kwa yale yaliyofanyika. Uliza alisema nini, wewe ukafanya nini. Urefu wa sketi haujawahi kuthibitisha kwamba mtu anadanganya. Na kama unahitaji msichana awe na tabia fulani ndio uheshimu neno lake, shida si neno lake.

Lakini leo simalizi na wavulana. Namaliza na sisi wasichana, kwa sababu mimi sikuwa Rajveer kwa stori yangu. Nilikuwa yule wakili wa mashtaka. Niliuliza swali lake, karibu neno kwa neno, kwa mtu niliyempenda, akiwa amesimama barabarani bila viatu.

Muvi ikiisha Mama alibeba zile nguo zake akaenda. Akiwa mlangoni akasema, "Hata sisi tuliulizwa hivyo." Akaingia chumbani. Sikumfuata. Sijui kama nilifanya vizuri.

Jumapili nilimwandikia rafiki yangu. Nilimwambia kwamba usiku ule nilimkosea, kwamba niliuliza vibaya, kwamba hakuwa na kosa lolote kubaki akingoja teksi. Alijibu baada ya siku mbili. Aliandika hivi: "Nilikupigia wewe kwanza kwa sababu nilidhani wewe hutaniuliza hivyo."

Hakuna emoji, hakuna kitu. Ndio nimekuwa nikitembea nayo.

Kwa hivyo siwaombi mpigie mtu makofi kwa sababu ya hotuba. Siku moja simu italia usiku, na atakayekuwa upande ule mwingine huenda alikunywa, huenda alivaa vile unajua, huenda alienda mahali ulimwambia asiende. Meza swali lako. Uliza hili tu: "Uko wapi? Nakuja."