Mfanyabiashara na mkulima, siku ya watoto isiwe sikukuu

KILA sikukuu inapokaribia, katika nyumba nyingi huzuka swali moja. Watoto wanataka kujua mwaka huu wanapelekwa wapi: ufukweni, kwenye bembea, kwenye mabwawa ya kuogelea au mbugani kuona simba. Baba anapapasa mfuko, mama anahesabu nauli, na jibu linakuwa lile lile la mwaka jana: “Tutaona.”

Kwa mwenye mshahara, “tutaona” ni neno la subira. Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo, mara nyingi maana yake ni hapana. Sikukuu ndiyo mavuno ya mfanyabiashara mdogo. Muuza nguo, mwenye genge, mama lishe, dereva wa bodaboda na muuza koni hawawezi kufunga kazi siku ambayo wateja wana fedha mkononi. Mkulima naye, katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, Krismasi na Mwaka Mpya humkuta shambani akipanda au akipalilia. Matokeo yake ni mawili. Ama watoto hawaendi popote, ama wanapelekwa kwa kukurupuka, na fedha inapotea bure.

Nina jirani anayeuza viatu vya mtumba. Mwaka mmoja, mkesha wa Idd aliuza hadi usiku wa manane. Kesho yake, kwa kuwa alikwishawaahidi watoto wake wanne, alifunga meza saa 7 mchana akawapeleka kwenye bustani moja ya michezo ya watoto. Walikaa saa mbili kwenye daladala na saa nzima kwenye foleni ya tiketi. Zamu ya mdogo wao kupanda bembea ilipofika, mvua ikashuka na mashine zikazimwa. Fedha haikurudishwa. Jioni aliniambia, “Jirani, leo nimepata hasara mara mbili. Mauzo nimeyaacha, na watoto hawakucheza.”

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Maoni yangu ni kwamba matembezi ya familia si anasa ya matajiri, wala si zawadi ya kutolewa siku ya sikukuu tu. Ni jambo la kupangwa kama msimu wa kilimo, kwa kutazama mambo mawili: watu watakuwa wengi kiasi gani, na mbingu itakuwaje. Sisi tunaoishi kwa shamba na soko tunayajua mambo hayo kuliko watu wengine, ila hatuyatumii tunapofika kwa watoto wetu.

Mkulima wa nyanya haitaji kufundishwa habari ya msongamano. Wote mkivuna wiki moja, bei inaanguka na tenga linaoza sokoni. Kwenye starehe kanuni ni ile ile, ila imegeuzwa. Wote mkienda siku moja, bei inapanda na huduma inashuka.

Hata Marekani, ambako viwanja vya michezo vya familia ni biashara kubwa sana, somo hili lilianza kwa aibu. Disneyland ya California ilifunguliwa Julai 17, 1955, siku iliyokusudiwa wageni waalikwa tu. Watu wakaingia kwa tiketi za kughushi, na inakadiriwa walifika 28,000. Joto lilikaribia nyuzi 38. Lami mpya ililainika hadi visigino vya viatu vya kina mama vikawa vinazama. Mabomba mengi ya maji ya kunywa yalikuwa makavu kwa sababu ya mgomo wa mafundi bomba. Umati na hali ya hewa, kwa pamoja, vilikaribia kuiharibu siku ya kwanza ya mradi mkubwa namna ile.

Miaka mingi baadaye, Februari 2016, Disneyland hiyo hiyo iliacha kuuza tiketi ya siku moja kwa bei moja. Ikaweka madaraja matatu: dola 95 kwa siku tulivu, dola 105 kwa siku za kawaida, na dola 119 kwa siku zinazojaa. Baadaye madaraja yakaongezeka. Kwa familia ya watu watano wanaolipa kiingilio cha watu wazima, tofauti ya siku tulivu na siku iliyojaa ilikuwa dola 120. Bembea ni zile zile, kilichobadilika ni tarehe.

Hapa kwetu huenda kiingilio kisibadilike getini, lakini bei ya msongamano unailipa kwa njia nyingine. Unailipa kwa nauli, kwa soda iliyopandishwa bei, na kwa saa tatu za foleni ambazo mtoto alipaswa kuwa anacheza. Anayesafiri kwenda Moshi au Arusha mwezi Desemba anaijua hali hiyo. Kila mwaka abiria wanagombea mabasi, wapiga debe wanapata neema, na mamlaka inalazimika kutoa vibali vya muda kwa magari ya ziada. Safari hiyo hiyo ukiifanya katikati ya wiki ya kawaida, unachagua basi na kiti.

Tuje kwenye mbingu. Ukitazama kalenda yetu, utaona sikukuu nyingi zinaangukia siku mbaya. Pasaka huja Machi au Aprili, wakati masika inaanza au imepamba moto katika ukanda wa Pwani na mikoa ya Kaskazini. Krismasi huja kukiwa na joto kali Pwani, na mvua ama za vuli zinazomalizia ama za msimu zilizokwisha kushika. Idd inarudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, hivyo haina msimu wake. Mwaka 2024 Idd el Fitri ilisherehekewa Aprili 10, katikati ya masika iliyokuwa kali sana. Aprili 25 mwaka huo, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kuwa watu 155 walikwishafariki kutokana na mvua kubwa, mafuriko na maporomoko ya ardhi. Siku kama zile hakuna sababu ya kumpakia mtoto kwenye gari kwenda ufukweni.

Kipindi kizuri kwa sehemu kubwa ya nchi ni kuanzia Juni hadi Septemba. Masika imekwisha, jua si kali, barabara za vumbi zinapitika. Mbugani nyasi zimefupika na wanyama wanasogea kwenye maji, hivyo hata asiye na siku nyingi za kukaa anawaona. Mikumi ni mfano mzuri, kwani barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya inapita katikati ya hifadhi. Saadani, ambako barabara huwa tope wakati wa mvua, nayo hufikika kwa urahisi zaidi.

Lakini kipindi hicho nacho kina masharti yake. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusi huvuma kwa nguvu na bahari huchafuka, kwa hiyo anayetaka kuvuka na watoto kwenda Unguja au Mafia afuatilie kwanza utabiri. Nyanda za Juu Kusini nako baridi ya Julai si ya mchezo, na mtoto wa Dar es Salaam asiye na sweta atakumbuka kutetemeka tu. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu, na pia tahadhari za siku tano zenye rangi ya njano, ya chungwa na nyekundu. Tunausikiliza utabiri huo tunapotaka kupanda mahindi. Tuusikilize pia tunapotaka kuwatoa watoto nje.

Yote hayo ni ya fedha na raha. Lipo jingine zito zaidi. Oktoba 1, 2008, siku ya Idd el Fitri, watoto 20 walipoteza maisha mjini Tabora ndani ya ukumbi wa disko toto uliofurika. Walikuwa wamekwenda kusherehekea kama watoto wengine wote. Kila ninapomwona mzazi anamsukuma mwanawe apenye kwenye mlango uliojaa kwa sababu tu “leo ni sikukuu”, nawakumbuka wale. Kiingilio kikipotea kitatafutwa kingine. Ukifika mahali ukakuta mlango umezibwa na watu, geuka. Watoto watalia, lakini utarudi nao nyumbani.

Sasa, siku ichaguliwe vipi? Kwa mfanyabiashara, jibu limo ndani ya daftari lako la mauzo. Lichukue la mwaka jana, utafute siku 10 ulizouza kidogo kuliko zote, kisha uzilinganishe na kalenda ya likizo za shule. Siku inayoangukia kwenye orodha zote mbili ndiyo siku ya watoto. Mara nyingi itakuwa Jumanne au Jumatano ya tarehe za ishirini na kitu, mshahara haujatoka na mteja haonekani. Siku hiyo ukifunga fremu hupotezi kitu kikubwa, na huko unakokwenda hakuna foleni. Idd na Krismasi baki sokoni bila kujilaumu, mradi watoto wajue siku yao ipo na imeandikwa.

Kwa mkulima hesabu ni tofauti kidogo. Fedha huja wakati wa mavuno, na hapo ndipo kwenye mtego. Kuuza mahindi Juni au Julai ili kupata fedha ya matembezi ni kuyauza wakati ghala za wote zimejaa na bei iko chini. Gunia lililotakiwa kusubiri bei ya Januari lisiuzwe kwa ajili ya bembea. Afadhali matembezi yategemee kuku, maharage, mboga za bustani ya umwagiliaji au chochote ambacho hakipandi thamani kwa kukaa ghalani. Na kama fedha haijatosha kufikia Juni, hakuna kosa kusubiri likizo fupi ya katikati ya muhula wa pili, kwani katika mikoa ya msimu mmoja mvua inakuwa bado.

Njia nyepesi kwa wote ni kuweka kidogo kidogo. Anayeweka Sh1,000 kila siku kuanzia Januari 1 hadi Juni 30 anakuwa na Sh181,000, kwa kuwa hizo ni siku 181. Anayeweka Sh500 anakuwa na Sh90,500. Fedha hiyo isichanganywe na mtaji. Ikikaa droo moja na mtaji, itanunua mzigo.

Wapo watakaosema wao safari yao ni Sabasaba au Nanenane tu. Ni uamuzi mzuri, kwani pale baba anaona mashine na mbegu, mama anaona masoko, na watoto wanapata bembea. Lakini huko nako tunakosea kwa kurundikana Julai 7 na Agosti 8. Hizo ni siku za mapumziko, wageni rasmi na misafara. Nanenane huanza Agosti 1. Mkulima anayekwenda viwanja vya Nzuguni, Themi au John Mwakangale katika siku za kwanza atazungumza na mtaalamu wa mbegu kwa utulivu na kuuliza maswali yake yote. Akienda tarehe nane atarudi na vipeperushi na vumbi. Fika geti linapofunguliwa, watoto waanze na michezo kabla foleni hazijakua, na ondokeni kabla ya saa 10 jioni, umati haujaanza kugombea daladala. Mtoto mdogo aandikiwe namba ya simu ya mzazi kwenye karatasi na kuwekwa mfukoni, na mkubaliane mapema mahali pa kukutana mkipotezana.

Neno langu la mwisho ni kwa wenye viwanja vya burudani na kwa halmashauri zetu. Wenye viwanja, punguzeni kiingilio siku za katikati ya wiki. Mashine iliyosimama Jumanne haiwaingizii hata senti, na familia ya muuza mboga ikija kwa nusu bei ni faida. Mvua ikisimamisha michezo, tiketi ya siku hiyo itumike siku nyingine, maana mteja aliyedhulumiwa na mvua harudi. Halmashauri nazo zihakikishe kila ukumbi na kila bustani ina idadi ya watu iliyobandikwa mlangoni, na mlango ufungwe idadi hiyo inapotimia, hata kama ni sikukuu. Watoto wa Tabora walitosha kutufundisha.

Jirani yangu wa viatu alijaribu tena mwaka uliofuata, safari hii Jumatano moja ya Juni. Alifunga meza siku nzima. Yule mdogo, aliyezimiwa bembea siku ya Idd, aliipanda mara sita, na jioni ilibidi abebwe mgongoni kurudi nyumbani kwa sababu alikuwa amelala. Nilipomuuliza baba yake kuhusu mauzo aliyoyaacha, alicheka tu. “Siku ile,” alisema, “hata ningefungua, nani angenunua?”