Wasifu Usiotaja Jembe

Mtu akifungua taarifa ya mwaka ya shirika lolote linalojitangaza kuwa linawahudumia wakulima wa vijijini, kabla hajafika kwenye habari za mahindi, za mikopo au za visima, hukutana na kurasa za picha. Ni wajumbe wa bodi. Huyu alikuwa Katibu Mkuu wa wizara, yule mkurugenzi wa benki. Wa tatu ni wakili, wa nne profesa, wa tano amezunguka miaka mingi katika mashirika ya kimataifa. Shahada zimeorodheshwa moja baada ya nyingine, na vyuo vya ng'ambo vilivyozitoa havikusahauliwa. Kisha mwishoni mwa kila wasifu, mithili ya chumvi inayonyunyizwa juu ya mboga iliyokwisha iva, huwekwa sentensi moja: alizaliwa katika familia ya wakulima.

Sentensi hiyo ndiyo inayostahili kuchunguzwa. Katika nchi hii, ambayo ilipopata uhuru wake mwaka 1961 karibu watu wake wote walikuwa wakiishi kwa jembe na mifugo, ni nani mwenye umri wa kukaa katika bodi ambaye babu yake hakulima? Mlanguzi anayenunua mahindi ya mkulima yangali shambani, kwa bei ya kutupa, naye ni mtoto wa mkulima. Karani aliyekula fedha za pembejeo ni mtoto wa mkulima. Kuzaliwa kijijini ni tukio, wala si sifa ya uongozi. Na wasifu unaotaja kijiji alikozaliwa mjumbe miaka sitini iliyopita unanyamaza kabisa juu ya mambo matatu ambayo mkulima angependa kuyajua: mjumbe huyo anakula kutokana na nini leo, alichaguliwa na nani, na ni nani awezaye kumwondoa.

Suala hili si geni. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimtaka kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, likamkataza kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi katika kampuni za kibepari, kupokea mishahara miwili na kujenga nyumba za kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991, na mjadala juu ya uamuzi huo haujesha hadi leo. Hata hivyo, hata asiyelipenda Azimio hana budi kukiri kwamba liliuliza swali lililo sahihi. Halikujali kiongozi alizaliwa wapi. Liliuliza anaishi vipi sasa, na maslahi yake yako upande gani wa mizani.

Neno mizani halikutumika hapa kwa mfano tu. Katika Jimbo la Ziwa, miaka ya mwanzo ya 1950, mkulima wa pamba wa Usukuma na Ukerewe alikuwa akifikisha mzigo wake kwenye kituo cha ununuzi na kukuta mizani iliyochezewa. Alijua kwamba anapunjwa, kwa kuwa mgongo wake uliobeba pamba hiyo ulikuwa umekwisha ipima. Hatua za mwanzo za wakulima hao kujitetea zilikuwa nyepesi mno machoni pa msomi: walijichagulia wapima mizani wao wenyewe, wasimame kituoni na kuhakikisha uzito. Kutokana na juhudi za namna hiyo vikachipuka vyama vya msingi, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wa vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba wa Victoria, ambao ulipanuka ukawa miongoni mwa miungano mikubwa ya ushirika wa Waafrika barani. Marehemu Paul Bomani, aliyeuongoza, hakuanza kwa wasifu wa kupamba taarifa. Alikuwa karani, akawa mtendaji wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza, akazunguka vijijini kuwakusanya wakulima. Kwenda Uingereza kusomea ushirika kulikuja baadaye, baada ya kazi yenyewe kuanza. Mwaka 1962 akawa Waziri wa Fedha. Elimu aliihitaji, na wakulima waliihitaji elimu yake. Lakini walimpa uongozi kwa sababu aliifahamu mizani, naye alifahamu kwamba waliomweka ndio watakaomwuliza.

Ruvuma iko mbali na Ziwa, na zao lake si pamba, lakini somo ni lile lile. Huko Litowa, Wilaya ya Songea, vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walianzisha makazi ya pamoja, na mwaka 1963 ikaundwa Jumuiya ya Maendeleo ya Ruvuma. Ilifikia vijiji 17, ikawa na shule yake Litowa na kinu chake cha kusaga nafaka mjini Songea. Walioongoza walikuwa wanavijiji wenyewe, waliorudi jioni kwenye shamba lile lile lililokuwa likizungumzwa mkutanoni asubuhi. Mtaalamu alikuwepo: Ralph Ibbott, Mwingereza, aliyeishi kijijini pamoja na familia yake. Cheo chake kilikuwa mshauri. Alikaa kando ya wakulima, wala hakukaa juu yao. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliivunja Jumuiya hiyo, na mali zake zikachukuliwa. Uamuzi huo ulifanywa na chama chenyewe, na hakuna haja ya kuuzungushia maneno: baadhi ya viongozi wa mkoa hawakupendezwa kuona wakulima wakijiamulia mambo bila kungoja ruhusa ya mwenye suti.

Miaka saba baadaye wenye sifa walipewa kila kitu. Mei 1976 miungano ya vyama vya ushirika ilifutwa, na ununuzi wa mazao ukakabidhiwa mamlaka za mazao na mashirika ya umma, ambayo wakuu wake waliteuliwa kutoka juu. Hao hawakuwa wajinga. Wengi walisoma vizuri kuliko wajumbe wote wa kamati za ushirika waliowatangulia. Kilichokosekana ni mtu wa kuwauliza. Mkulima aliyecheleweshewa malipo yake hakuwa na mkutano mkuu wa kuinua mkono, wala kura ya kumtoa mkurugenzi. Gharama za mashirika zikapanda, madeni yakalimbikizana, na mwaka 1982 Bunge likapitisha sheria ya kuirudisha miungano ile ile iliyofutwa miaka sita nyuma.

Watetezi wa bodi za mabingwa wana jibu lao, na haifai kulipita kimya kimya. Watasema: hao wakulima mnaowatukuza nao waliiba. Ni kweli. Kamati maalumu iliyoundwa na Rais mwaka 1966 kuchunguza ushirika ilikuta ubadhirifu, ajira za kupeana kindugu, na wanachama wasiojua chama chao kinaendeshwa vipi. Aprili 2013, huko Liwale, wakulima wa korosho waliochoshwa na malipo pungufu walichoma moto nyumba, zikiwemo za viongozi wa ushirika waliokuwa majirani zao. Viongozi hao hawakutoka ng'ambo. Basi kiganja chenye sugu hakimfanyi mtu kuwa mwaminifu, kama vile shahada isivyomfanya mtu kuwa mwizi. Lakini angalia vizuri jambo lililokuwa likilalamikiwa mara zote mbili: hesabu zisizoeleweka na viongozi wasioulizika. Dawa ya maradhi hayo ni kumpa mwanachama hesabu na uwezo wa kuuliza. Kumwondoa mkulima na kumweka profesa ni kubadili mgonjwa na kuyaacha maradhi kitandani.

Hapa watumishi wa Serikali na walimu wanahusika moja kwa moja, maana wao ndio huombwa mara kwa mara kuingia katika bodi hizi. Mwalimu mkuu huambiwa kwamba jina lake litalipa shirika heshima. Ofisa wa kilimo mstaafu huambiwa kwamba vikao ni vichache na posho ipo. Naye hukubali, huhudhuria katika ukumbi wa hoteli, hupitisha makabrasha yaliyoandikwa kwa Kiingereza ili mfadhili ayasome, na kurudi nyumbani akiamini amewasaidia wakulima. Mwanachama aliyeko Namtumbo au Maswa hajaiona taarifa hiyo, na angeiona asingeisoma. Ni kichekesho kikubwa kwamba shirika la mkulima humweleza mkulima habari zake kwa lugha ambayo bodi yenyewe, ikizungumza kwa hasira, huiacha!

Hakuna anayedai mhasibu atupwe nje. Mhasibu akague, wakili aeleze sheria, mwalimu afundishe wajumbe kusoma mizania, na wote waitwe kwa jina linalowafaa, yaani washauri. Kura ibaki kwa wale ambao mvua ikikosa wao hulala na njaa. Jambo hili linawezekana, tena lipo: MVIWATA, mtandao wa vikundi vya wakulima ulioanzishwa mwaka 1993 kwa msaada wa wanataaluma wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, huongozwa na wakulima wadogo wanaochaguliwa na wakulima wenzao, na wasomi wapo humo kama watendaji.

Mashirika mengine, mradi yanapenda sana kuchapisha wasifu, yachapishe wasifu uliotimia. Mjumbe aeleze analima nini na ekari ngapi, mazao yake anamwuzia nani, kampuni gani ya mbolea au ya usafirishaji ina hisa zake au za mkewe, alichaguliwa katika mkutano gani kwa kura ngapi, na muhula wake unakwisha lini. Maelezo hayo yaandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa kwenye mlango wa ghala la kijiji, karibu na mizani.