Mgeni kaja Momela na sufuria lake!

Wiki hii sina umbea wa mjini. Nina kisa cha mezani, na kimenitoa jasho kwelikweli.

Shemeji yangu ni dereva wa watalii hapa Arusha. Juzi kanipigia simu: "Shem, nina wageni wawili, mzee na mkewe, watu wazima sana. Nawapeleka Momela kuona twiga na heroe. Wanataka wakitoka mbugani wapite nyumbani kwa mama wasalimie. Ila shem, chakula chao ni cha masharti."

Masharti? Mie nikadhani kisukari. Nikamwambia asijali, mama mkwe anajua kupika. Nikapanda gari la asubuhi mpaka Ngarenanyuki, tukaingia jikoni. Mtori wa nyama, loshoro ya maziwa mgando, mbuzi kachinjwa, kisusio kinachemka pembeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Saa nane gari likaingia. Salamu, vicheko, picha. Maji ya kunawa yakaletwa. Mama mkwe akaweka mabakuli mezani kwa mikono yake miwili. Yule mzee akatazama, akatabasamu, akashika kifua, akasema kitu kwa shemeji. Shemeji akainama: "Mama, wanashukuru sana. Lakini hawawezi kula."

Jamani! Nyinyi mnaojua Umeruni mnajua maana yake. Mgeni asiyegusa chakula chako ni kama amekwambia unaroga. Mama mkwe akanyamaza kimya. Yule bibi wa Kizungu akafungua begi, akatoa maboksi mawili yaliyofungwa plastiki juu ya plastiki, yana mihuri kama mizigo ya bandarini. Nikanyoosha mkono nimsaidie kufungua, shemeji akanidaka: "Shem, usiguse! Ukiufungua huo muhuri wewe, mzee hali!"

Nikavuta shemeji pembeni. Boksi moja bei gani? Aliponitajia nikakaa chini. Msomaji, pesa ya yale maboksi mawili inanunua mbuzi mnadani. Na ndani kuna nini? Kipande cha kuku, wali kidogo na karoti, vimetoka nje kwa ndege vikiwa vimeganda kama mawe!

KUMBE NI WAYAHUDI

Basi tukakaa, mzee akaeleza, shemeji akatafsiri. Ni Wayahudi wanaoshika sheria za chakula, kile wanachokiita kosher. Na tusijidanganye kwamba hilo ni jambo la mbali na sisi. Hapa hapa Arusha wapo Wayahudi wachache wanaosimulia kuwa wazee wao walitoka Yemen na Morocco. Nairobi wana jumuiya tangu 1904. Kule Mbale, Uganda, wapo Abayudaya waliomfuata Semei Kakungulu mwaka 1919 alipoamua kuishika Torati, na kuku wao wanachinja wenyewe. Na mwaka 1903 Waingereza walitaka kuwapa Wayahudi nchi ya Uasin Gishu huko Kenya. Mpango ule ukafa mwaka 1905. Ungekubaliwa, leo hii Eldoret ingejaa bucha za kosher na mzee wetu angenunua mshikaki kwa bei ya kawaida!

Sheria zenyewe Wakristo tunazo kwenye Biblia, Walawi 11, ila tunazipita mbio. Mnyama awe na kwato zilizopasuka na acheue. Nguruwe ana kwato lakini hacheui, basi nje. Ngamia anacheua lakini kwato hana sawasawa, nje. Samaki awe na mapezi na magamba, kwa hiyo sato ruksa, kambale hapana. Damu hairuhusiwi kabisa. Hapo nikalitazama bakuli la kisusio, nikalisogeza nyuma taratibu.

Mama mkwe akauliza: "Na twiga je?" Mzee akacheka mpaka machozi. Kumbe twiga ana kwato zilizopasuka na anacheua, kwa hiyo kwa alama zile ni halali kwao! Shemeji akawahi: "Mwambie huyo ni nembo ya taifa. Akimgusa, kosher yake ataila gerezani."

KWA NINI BEI INAPAA?

Mimi nilichotaka ni hesabu. Kwa nini chakula kiwe ghali hivyo? Mzee akasema hata kwao, mjini kwenye Wayahudi wengi, yeye na mkewe huenda mgahawani mara moja kwa mwaka, siku ya ndoa yao. Bei haishikiki. Akaanza kuhesabu kwa vidole.

Kidole cha kwanza, nyama. Mchinjaji lazima awe amesomea, na kisu chake kisiwe na pengo hata la kushika ukucha. Akishachinja anakagua mapafu. Yakikutwa na kasoro, nyama yote inauzwa kwa watu wengine. Halafu sehemu ya nyuma ya ng'ombe, ile steki tunayoigombania sisi, mara nyingi hawaili, maana kuna mshipa wa paja unaokatazwa tangu Yakobo alipopigana mweleka na malaika, na kuutoa ni kazi ya fundi. Kinachobaki kinalowekwa majini nusu saa, kinapakwa chumvi saa nzima damu itoke, kinasuuzwa. Kila hatua ina mtu wa kulipwa.

Kidole cha pili, vyombo. Nyama na maziwa havikutani. Sufuria mbali, sahani mbali, vijiko mbali. Mgahawa mwingi huamua kuuza nyama tu au maziwa tu, yaani nusu ya vyakula huviuzi.

Kidole cha tatu, msimamizi. Huyo anakaa jikoni, anafungua asubuhi, anawasha moto, anakagua mchicha usiwe na mdudu. Hapiki lakini analipwa.

Kidole cha nne nikakielewa haraka mno. Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi usiku wanafunga. Sasa wewe mwenye baa Sakina au Njiro, nifungie Ijumaa usiku na Jumamosi mchana kutwa uone kama kodi ya pango utaipata!

Kidole cha tano ni wateja wachache. Mahali wanapokula kumi, gharama zote hizo zinagawanywa kwa kumi. Ndiyo maana boksi la Momela bei yake inatisha kuliko la New York.

AKINA MAMA WALIWAHI KUKATAA

Msidhani wenyewe wanafurahia. Mwaka 1902 huko New York nyama ya kosher ilipanda kutoka senti 12 mpaka senti 18 kwa ratili. Akina mama wa Kiyahudi, maskini, wengi wao wahamiaji, wakaingia mitaani mwezi Mei. Wakagomea bucha, wakavunja vioo, nyama nyingine wakaimwagia mafuta ya taa. Wakabururwa polisi. Mwezi uliofuata bei ikashuka hadi senti 14. Wale mama hawakusema "basi tule chochote". Walitaka nyama halali kwa bei ya mtu wa chini.

Mama mkwe aliposikia hayo akavuta kiti karibu. Hasira ikaanza kumtoka.

NA SISI JE?

Halafu mzee akauliza swali lililonikamata. "Huyu mbuzi wenu, nani kachinja?"

Nikamjibu: jirani yetu Mwislamu. Kwa nini yeye, na nyinyi Walutheri? Nikasema ndivyo tulivyozoea. Krismasi ikifika, ukitaka kila jirani ale, unamwita yeye achinje. Anakuja na kisu chake, anachinja, anapewa kipande chake, anakaa anakula na sisi. Unamlipa nini? Hakuna. Chai.

Mzee akatikisa kichwa muda mrefu. Akasema: "Sisi tunamlipa mtu tusiyemjua atuhakikishie chakula. Nyinyi mna jirani."

Msomaji, nilijivuna, lakini moyoni nikakumbuka kwamba sisi nasi si malaika. Aprili 1993 bucha za nguruwe zilivunjwa Dar es Salaam. Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, ugomvi wa nani achinje ulifika mpaka mchungaji akauawa. Kwa hiyo yule jirani anayekuja na kisu chake kwa kikombe cha chai, tusimwone wa bure. Siku tukimpoteza tutaijua bei yake.

Na masharti siyo ya Wayahudi peke yao. Hapo Usa River kuna chuo cha Wasabato. Msabato ukimwekea kambale au kitimoto atakushukuru na kurudisha sahani, kama mzee wetu. Rafiki yako Mwislamu akiingia baa yenye jiko moja la mbuzi na kitimoto, anaagiza soda tu. Wewe unasema anajidai! Kumbe mwenzio ana njaa.

TULIVYOMALIZA

Nikamuuliza mzee: basi nyumba hii hakuna kitu unachoweza kula? Akasema kipo. Matunda mazima. Parachichi, ndizi mbivu, ukimpa na kisu kipya akate mwenyewe. Na mahindi mabichi, mradi moto auwashe yeye na yalale juu ya makaa yenyewe, siyo kwenye wavu wetu uliochoma nyama.

Shemeji hapo akacheka, akatoboa siri. Asubuhi walipopita Usa River, bibi alinunua sufuria jipya sokoni, akashuka nalo mpaka mtoni, akalizamisha lote huku anaomba dua. Watu wakajaa, wengine wakasema mzungu anazindika! Kumbe chombo kipya kwao huzamishwa kwenye maji ya asili kabla ya kutumika. Lilikuwa ndani ya gari. Likatoka, likachemsha chai ya rangi.

Mzee akapiga kiberiti mwenyewe. Mama mkwe akaleta mahindi kutoka shambani na maganda yake. Wakachuchumaa wawili pale motoni, mmoja Kimeru, mwingine lugha yake, wanageuza mahindi kwa vidole na kupuliza majivu. Maboksi ya bei mbaya yalibaki nusu. Mahindi yaliisha.

Walipoondoka mama mkwe akaniambia: "Kumbe hawakunikataa mimi. Wamekataa sufuria." Halafu akaniagiza: nikirudi ninunue sufuria dogo jipya, liwekwe juu kabatini, lisiguswe na nyama, wakija tena lipo.

Nimeshalinunua. Akina mama, mkialika mgeni muulizeni mapema anakula nini. Swali ni bure, aibu ndiyo ghali.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.