MAMBO YA ARDHI: Kibali cha Machimbo Karibu na Nyumba za Watu

Wakulima wengi wenye hati ya shamba hudhani kwamba kila kilichomo chini ya ardhi yao ni mali yao. Sivyo. Kwa sheria ya Kenya madini yote ni ya Jamhuri, hata yakiwa chini ya jiko la mtu. Lakini haki hiyo ya Serikali haimpi mchimbaji ruhusa ya kuingia na sururu yake mahali anapopenda. Kwanza hana budi kuomba kibali, na ombi lake lazima lichunguzwe. Uchunguzi ukifanywa kwa haraka, wanaopata taabu si waliotia sahihi, bali ni wale wanaolala kando ya shimo.

Habari ya Kakamega yafaa kukumbukwa. Dhahabu ilipatikana huko mwaka 1931, katika wilaya iliyoitwa wakati ule Kavirondo ya Kaskazini, nchi yenye watu wengi na mashamba yaliyobanana. Sheria ya ardhi ya mwaka 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya rizavu haitatengwa mpaka baraza la wenyeji limearifiwa, na kwamba ikitengwa, ardhi nyingine ya kiasi kile kile itaongezwa mahali pake. Desemba 1932 sheria hiyo ilibadilishwa kwa ajili ya machimbo: fidia ikawa fedha badala ya ardhi, na sharti la kulishauri baraza likaondolewa. Wamishenari kama W. E. Owen wa C.M.S. walipinga, na jambo hilo likazungumzwa hata katika Bunge la Uingereza. Lakini katika baraza la kutunga sheria mjini Nairobi hapakuwa na Mwafrika hata mmoja wa kusimama na kusema. Wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944. Machimbo makubwa ya Rosterman yalifungwa mwaka 1952. Machimbo huja yakaenda, na fedha ya fidia huliwa ikaisha, lakini ardhi ndiyo inayobaki na watoto.

Siku hizi mambo ni mengine. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 yataka mwenye shamba, jamii ya mahali, na serikali ya kaunti wapewe taarifa ya ombi, na tangazo litolewe hadharani ili mwenye pingamizi apate kulileta kwa maandishi. Kwa kawaida ardhi ya mtu binafsi haiguswi pasipo idhini yake. Tena yatakiwa uchunguzi wa mazingira, na asiyeridhika na uamuzi wa leseni ya mazingira aweza kukata rufani katika baraza la kitaifa la rufani za mazingira (National Environment Tribunal) kabla siku 60 hazijapita.

Lipo jambo moja ambalo madiwani na wananchi hawana budi kulitazama kwa macho mawili. Katika mrabaha wa madini, asilimia 70 ni ya Serikali kuu, asilimia 20 ni ya kaunti, na asilimia 10 ni ya jamii ya mahali. Basi kaunti inayoulizwa shauri juu ya ombi ndiyo hiyo hiyo itakayopata fungu. Si kosa kulipokea, kwa maana barabara na zahanati hujengwa kwa fedha. Lakini anayetazama fungu lake asiache kutazama kisima cha jirani.

Mambo ya kuuliza katika mkutano si magumu. Shimo litakuwa umbali gani kutoka nyumba ya karibu na shule ya karibu? Baruti italipuliwa saa ngapi, na kuta zikipasuka nani atalipa? Maji machafu yatakwenda wapi? Kama ni dhahabu, je, zebaki itatumiwa, nayo ni sumu iingiayo mtoni na katika samaki? Na kazi ikiisha, nani atafukia shimo?

Pingamizi lililoandikwa kwa hasira tu halina nguvu. Liandikwe kwa hesabu: nambari ya shamba, idadi ya watu wa boma, hatua kutoka mpakani mpaka kisimani, miti na mimea iliyopo. Kuta zipigwe picha kabla baruti ya kwanza haijalia. Barua ifanywe nakala mbili, na moja igongwe muhuri wa ofisi na kurudi nyumbani. Sheria yampa mwenye ardhi haki ya kudai fidia kwa mali iliyoharibiwa, maji yaliyopotea na mapato ya kilimo yaliyopungua, lakini atasaidiwa na nini ikiwa hana maandishi ya kuonyesha alichokuwa nacho?

Hapa karani na mkulima wahitajiana. Mmoja ajua kalamu, mwingine ajua kila jiwe la mpaka. Wakae pamoja mapema, siku tangazo linapobandikwa, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari.