Nifute Picha ya Nini?

"Kijana, futa hiyo kitu." Ndivyo alivyoniambia afisa mmoja mwenye sare, juu ya daraja la waenda kwa miguu pale Ruiru. Nilikuwa nimepiga picha ya watu watatu wakiruka vyuma vya katikati ya Thika Road, mmoja ana gunia begani, matatu zinakuja mbio. Nikamuuliza, "Afande, sheria gani inakataza?" Akajibu neno moja: "Usalama." Nikafuta. Simu ni yangu, lakini seli ni yake.

Usalama wa nani?

Mipaka ipo, na mingine naiunga mkono. Sheria ya Siri za Serikali, Sura ya 187, inakataza kupiga picha mahali palipopigwa marufuku bila idhini ya afisa anayepasimamia. Kwa hivyo ukipita kambi ya jeshi ya Kahawa, weka simu mfukoni. Na wewe unayeegesha gari kando ya lami ili upigwe picha na joho lako la mahafali, magari yakiwa nyuma yako, sikutetei hata kidogo. Matatu inayotii kikomo chake cha kilomita 80 kwa saa inameza mita 22 kila sekunde. Mpiga picha akihesabu moja, mbili, tatu, imeshasogea mita 66. Na zile zisizotii je? Tunazijua.

Lakini daraja si kambi. Mimi nilisimama mahali palipojengwa watu wapite, juu, mbali na magurudumu. Barabara yenyewe, kama kilomita 50 kutoka Nairobi hadi Thika, ilifunguliwa na Rais Kibaki mwaka 2012, na mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na ya China iliyoijenga tunailipa sisi. Kifungu cha 33 cha Katiba kinanipa uhuru wa kutafuta na kusambaza habari. Kifungu cha 24 kinasema haki haiwezi kuwekewa mipaka ila kwa sheria. "Usalama" inayotamkwa na mdomo wa afande, bila sura wala kifungu, si sheria. Ni mazoea tu, tena ya zamani.

Kinachoniuma zaidi ni ile picha. Watu hawaruki vile vyuma kwa ukaidi peke yake. Daraja liko mbali na steji, jioni kuna giza huko juu, na mama aliyewahi kuporwa simu kwenye ngazi zile atachagua magari. Picha ingeonyesha hayo yote bila mimi kuandika neno. Afande aliona kamera. Hao watatu chini yake hakuwapigia hata filimbi.

Jumatatu nilipita tena, saa moja jioni. Mwenye gunia alikuwa ameshafika katikati, mguu mmoja huku, mwingine kule, akingojea basi lipite.